Maluma Hakumbeba Rayvanny

Tarehe 14 Novemba 2021, katika ukumbi wa László Papp jijini Budapest, Maluma wa Kolombia alipanda jukwaa la tuzo za MTV za Ulaya pamoja na mwimbaji mmoja kutoka Tanzania. Mwimbaji huyo ni Raymond Shaban Mwakyusa, mzaliwa wa Mbeya, ambaye Afrika Mashariki nzima inamwita Rayvanny. Waliimba "Mama Tetema". Tangu usiku ule kuna kauli moja iliyoshika mizizi redioni, vijiweni na kwenye simu za watu, na haikuiacha nje hata wilaya yetu ya Kyela, mkoani Mbeya kwenye Ziwa Nyasa, ambako jina la Mwakyusa ni la jirani: kwamba Maluma alimbeba Rayvanny. Wanaompenda kijana huyo huisema kwa furaha. Kwao ametoka, ameangukiwa na zali, amefunguliwa dunia. Wasiompenda huisema kwa kumbeza, kwamba alipewa dakika chache pembeni ya mwenye shoo akarudi nyumbani na picha. Kambi hizi hubishana kutwa kucha, na kumbe zote mbili zimeshakubaliana katika jambo kubwa zaidi, kwamba mwenye uzito pale alikuwa mgeni na Mtanzania alikuwa abiria. Kauli hiyo si kweli. Kuanzia tarehe za nyimbo hadi namna zilivyotengenezwa, ushahidi unaonyesha kinyume chake. Tena madhara ya kuiamini hayaishii kwenye ubishi wa kijiweni, kwa sababu msanii anayeamini kwamba amebebwa husaini karatasi yoyote atakayowekewa mezani.

Tuanze na tarehe. "Tetema" ya kwanza ilitoka Februari 2019. Biti ilitengenezwa na S2Kizzy, Rayvanny akaimba akiwa na Diamond Platnumz, chini ya lebo ya Wasafi. Kutoka hapo hadi Budapest ni miaka miwili na miezi tisa. Wimbo wa Bongo Fleva kwa kawaida hupewa msimu mmoja. Ukivuka Idi na Krismasi ukiwa bado unaombwa ukumbini, umefanya kazi isiyo ya kawaida. Huu ulivuka. Ulivuka pia mpaka wa Namanga, ukaitikisa Nairobi kiasi kwamba mwaka huohuo wa 2019 Ezekiel Mutua, aliyekuwa mkuu wa bodi ya kukagua filamu ya Kenya, alitamka hadharani kwamba wimbo huo, pamoja na "Wamlambez" wa kundi la Sailors, ni wa watu wazima na ubaki baa na klabu za usiku. Ofisa wa serikali hahangaiki na wimbo ambao watoto hawaufahamu. Baadaye ikatoka remiksi yenye Pitbull wa Miami na Mohombi, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Uswidi. Maluma, basi, alikuwa mgeni wa tatu au wa nne kuingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa, kuezekwa na kukaliwa. Anayesema kwamba yeye ndiye aliyeutoa wimbo huu anaanza kuhesabu kwenye ukurasa wa mwisho.

Na katika miaka hiyo wimbo ulikuwa wapi? Ulikuwa huku. Anayetaka kujua wimbo umeingia kiasi gani Kyela asihangaike na takwimu za YouTube, aende kwenye kibanda cha kurusha nyimbo. Vibanda hivyo huwa karibu na stendi na masoko: meza moja, kompyuta ambayo vitufe vyake vimefutika herufi, spika iliyogeuziwa barabarani, na visoma kadi vimelundikwa kwenye kisahani cha plastiki. Mteja anachomoa memori kadi kwenye simu yake ya kitochi, anataja wimbo anaoutaka au anasema tu awekewe kali za sasa, analipa shilingi mia kadhaa, anaondoka. Kadi ileile jioni iko kwenye redio ya bodaboda inayoelekea Ipinda, kesho iko kwenye sabufa ya sherehe Matema, keshokutwa imevuka daraja la Songwe pale Kasumulu na kuingia Karonga, Malawi, ambako Wangonde na Wanyakyusa wanaelewana kwa lugha na Bongo Fleva haihitaji mkalimani. Hakuna hata mmoja kati ya wasikilizaji hao anayehesabiwa. Hawamo kwenye idadi ya watazamaji, hawamo kwenye chati, hawamo kwenye ripoti ya kampuni yoyote ya muziki. Lakini hao, na wenzao wa Tandahimba, wa Kasulu na wa Kitale, ndio walioufanya wimbo uwe jambo ambalo mtu wa mbali anaweza kulisikia na kulitamani. Kauli ya kubebwa inawafuta wote hawa kwa mpigo mmoja. Inasema wimbo ulianza kuwa mkubwa siku ulipotazamwa na watu wanaohesabika.

Tujiulize pia staa wa nje anatafuta nini anapoingia kwenye wimbo wa mwingine. Maluma anaijua biashara hiyo kutoka pande zote mbili. Mwaka 2020 alitoa "Hawái", na Septemba ya mwaka huo wimbo huo ukawa wa kwanza kabisa kushika namba 1 kwenye chati mpya ya Billboard ya dunia isiyojumuisha Marekani. Ulipokwisha kufika huko ndipo The Weeknd alipoingia, Novemba 2020, ikatoka remiksi. Mwaka mmoja tu baadaye Maluma akawa yeye ndiye anayeingia kwa mwenzake. Mtu wa aina hiyo, mwenye kampuni kubwa nyuma yake na watu wa kumchagulia nyimbo, halipi gharama za studio, video na jukwaa la Ulaya kwa ajili ya kumfanyia hisani kijana wa Mbeya. Alichokitafuta ni kitu kilichokwisha kupimwa: mdundo unaojulikana kwamba unainua watu vitini, na kiitikio ambacho mtu asiyejua neno la Kiswahili anakishika mara ya pili anapokisikia. Tazama kilichobaki na kilichoondolewa. Ubeti wa Diamond haupo katika "Mama Tetema". Mahali pake pameingia Kihispania cha Maluma. Kiitikio cha Kiswahili kimebaki, na jina la wimbo limebaki na kuongezewa neno moja la Kiswahili linalotoka humohumo. Ukiweza kumwondoa msanii mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki kwenye wimbo, ukaweka mwingine wa bara jingine, na wimbo ukasimama, maana yake nguzo haikuwa mgeni, wa kwanza wala wa pili. Nguzo ilikuwa utunzi. Na utunzi ulikuwa wa hapa.

Wanaoshikilia kauli ya kubebwa watauleta wimbo wa "Number One" wa Diamond, na wana haki ya kuuleta. Wimbo huo ulitoka 2013 na ukapendwa sana nyumbani. Mwanzoni mwa 2014 ikatoka remiksi akiwa na Davido, video ikapigwa Nigeria na Clarence Peters, na mwaka huohuo kolabo hiyo ikateuliwa kuwania tuzo ya MTV Afrika kule Durban. Hapo ni kweli Davido alifungua mlango. Televisheni za muziki zilizokuwa zikitazamwa Lagos na Johannesburg hazikuwa na mazoea ya kupiga Kiswahili, na sauti ya Mnigeria ilizifanya zisikilize. Silikatai hilo hata kidogo. Ila tuangalie nani alimfuata nani. Diamond ndiye aliyemtafuta Davido, akauchukua wimbo wake mwenyewe akaupeleka sokoni akiwa na mgeni aliyemchagua. Miaka saba baadaye mambo yamegeuka: wa nje ndiye anayekuja kuchukua wimbo uliokwisha kushinda huku. Kuziita safari hizi mbili kwa jina moja, kwa sababu tu kila moja ina msanii wa kigeni ndani yake, ni kukataa kuona hatua ambayo muziki huu umepiga. Tena hata "Number One" haukuanza na Davido. Ungekuwa wimbo mbovu, asingeugusa.

Mifano ya nje ya Tanzania inasema vilevile. "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini ilianza kuzunguka mwishoni mwa 2019. Februari 2020 kikundi cha wachezaji wa Angola, Fenómenos do Semba, kilirekodi video wakicheza huku sahani za chakula ziko mikononi, na kutoka hapo manesi wa Ulaya, mapadri na polisi wakaiga. Burna Boy aliingia kwenye remiksi Juni 2020, moto ukiwa tayari unawaka. "Calm Down" ya Rema ilitoka Februari 2022 na ilikuwa inapigwa Afrika, India na Ulaya kabla Selena Gomez hajaongeza sauti yake Agosti ya mwaka huo. Ni kweli kwamba bila Selena redio za Marekani zisingeufikisha wimbo huo namba 3 kwenye chati ya Billboard mwaka 2023. Remiksi ya staa inaongeza nchi kwenye ramani ya wimbo. Haiupi wimbo uhai ambao haukuwa nao. Nyimbo zilizokufa huwa hazipati remiksi ya staa, na hili peke yake lingetosha kumfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kusema fulani kambeba fulani.

Kuna pingamizi zito zaidi, la watu wanaosema: sawa, wimbo ulikuwa mkubwa kwetu, lakini bila Maluma Rayvanny asingekanyaga Budapest, na jukwaa lile ndilo lililomfanya ajulikane. Sehemu ya kwanza ni ya kweli. Waandaaji wa tuzo za Ulaya walimwalika Maluma, na Maluma ndiye aliyekuja na Rayvanny. Sehemu ya pili inasahau mambo. Mwaka 2017 Rayvanny alikuwa Los Angeles akipokea tuzo ya BET ya msanii wa kimataifa aliyechaguliwa na watazamaji, miaka minne kabla ya Maluma kutajwa popote karibu naye. Tuzo hiyo ilitokana na kura za mashabiki, na mashabiki wake wakati ule walikuwa hawahawa. Na tusichanganye kuonekana na thamani. Jukwaa linaonyesha kilichopo. Mtu mmoja anaweza kusimama mbele ya kamera za dunia akiwa hana kitu, na mwingine akajaza viwanja vya Sokoine na Majimaji bila kamera hata moja ya nje. Tukikubali kwamba mtu huwa msanii pale tu anapoonwa na Ulaya, basi tumekubali pia kwamba maelfu ya watu waliolipa kiingilio Mbeya hawakuona kitu. Mimi sikubali.

Upande mwingine kuna walinzi wa asili. Hawa hawasemi Rayvanny alibebwa, wanasema aliuza. Kwao remiksi na Maluma ni ushahidi kwamba Bongo Fleva imekosa chake, inajipaka rangi ya kila anayepita. Hoja yao inaishia mahali palepale, kwamba chenye thamani katika wimbo kimetoka nje, na kwa hiyo inastahili kujibiwa hapahapa. Pwani ya Ziwa Nyasa ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuileta. Mwaka 1914 vita vya Wazungu vilifika mpaka huu mapema sana. Septemba ya mwaka huo jeshi la Wajerumani lilishuka kutoka upande wa Tukuyu, likavuka Songwe na kushindwa Karonga. Askari na wapagazi waliopita njia hizi walichukua gwaride, tarumbeta na vyeo vya wanajeshi, na vita vilipokwisha wakarudi navyo vijijini vikiwa ngoma. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, yaani ngoma hizo za kuiga gwaride, aliifuata ngoma hiyo kutoka miji ya pwani ya Kenya hadi ndani kabisa ya bara. Kwenye ziwa hili ikawa mganda na malipenga. Tarumbeta za shaba hazikuwepo, basi watu wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, na mtu akiimba ndani yake sauti inatoka ikikwaruza kama bendi nzima. Wanaume bado hupanga safu wakiwa na kaptula nyeupe zilizonyooshwa na soksi zilizovutwa hadi magotini, kiongozi ana filimbi, mguu unakokota vumbi kwa pamoja, na hakuna mzee wa ziwani anayeuona mganda kuwa ni mali ya Mwingereza. Walichukua kitu cha mwenye nguvu, wakakifanyia remiksi miaka mingi kabla neno hilo halijafika, kikawa chao kwa sababu walikifanyia kazi.

Bongo Fleva nayo ilizaliwa hivyohivyo. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice, akaweka maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa Mmarekani, na vijana wa Dar es Salaam wakagundua kwamba lugha yao inaweza kuchana. Kwa muda mrefu baada ya hapo biti zilikuwa za kuazima. Miaka thelathini kamili baadaye, mwaka 2021, Mkolombia anachukua mdundo wa S2Kizzy na kiitikio cha Mwakyusa na kuweka Kihispania chake juu yake. Yaani nafasi zimebadilishana kabisa. Mtu anayelitazama jambo hilo na kuona hasara ya utamaduni ameshika kioo kinyumenyume. Kama kuna mtu aliyejipaka rangi ya mwingine katika "Mama Tetema", ni yule aliyejifunza kutamka Kiswahili.

Halafu kuna walioona aibu. Wimbo wenyewe, wanasema, ni wa kutikisa kiuno, kwa nini taifa lijivunie? Neno la Mutua nimeshalitaja. Nyumbani nako hali ilikuwa ya moto: Novemba 2018 BASATA, mamlaka ya kusimamia sanaa nchini, iliufungia "Mwanza", wimbo mwingine wa Rayvanny na Diamond, na Desemba ikawafungia wote wawili kufanya maonyesho kwa sababu waliuimba jukwaani, kifungo kikaondolewa Januari 2019. "Tetema" ilikuja wiki chache baada ya hapo. Wimbo haukuandikwa kwa ajili ya ibada, na mzazi ana haki ya kuchagua nini kipigwe nyumbani kwake wakati gani. Lakini wanaosema kwamba mwili unaotetema ni jambo geni kwa watu wa huku hawajui ngoma za huku. Godfrey Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusani miaka ya 1930 pamoja na mkewe Monica, aliandika kwa kirefu jinsi hata mazishi yalivyokuwa na ngoma, vijana wakicheza kwa nguvu za mwili mzima mbele ya wafiwa, na jamii ikiona kwamba huko ndiko kumheshimu marehemu. Kinachoniuma mimi ni kitu kingine. Sauti za aibu zilizosikika 2019 zilinyamaza Novemba 2021. Kiitikio kilikuwa kilekile na viuno vilevile, ila safari hii kulikuwa na Mzungu wa Kilatini katikati ya jukwaa, na wimbo uliokuwa wa baa ukawa bendera. Kama ulikuwa mchafu Nairobi na Mbeya, usingesafishwa na Budapest. Na kama ulikuwa mzuri Budapest, ulikuwa mzuri siku ileile kijana wa kibandani alipourusha kwenye kadi ya kwanza.

Ubishi huu una bei, na ndiyo maana naushikilia. Wimbo wa "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukaimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965, ukaimbwa na Boney M mwaka 1981, na hadi leo watu wanazozana kama mtunzi ni Fadhili au Adam Salim. Dunia nzima iliuimba wakati wenyeji hawajakubaliana nani aandikwe. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akaiuza haki yake kwa shilingi chache, akafa mwaka 1962. Binti zake walisubiri hadi 2006 kupata suluhu ya kisheria kuhusu mamilioni yaliyotengenezwa na wimbo huo ukiwa na jina jingine. Hata "Jerusalema" ilifika huko: Julai 2021 Nomcebo Zikode alilalamika hadharani kwamba hajalipwa kwa wimbo aliouimba, na kampuni ya kurekodi ikabisha. Katika visa vyote hivi wimbo ulishangiliwa kwa sababu umefika mbali, na shangwe ikaziba masikio ya waliopaswa kuuliza umefikaje, kwa karatasi gani, kwa jina la nani.

Mkulima wa kakao wa Kyela hahitaji kufundishwa somo hili. Kwa miaka mingi aliuza kwa mnunuzi aliyefika na mzani wake mwenyewe, akashukuru kwamba amefikiwa. Siku hizi mzigo unapelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa, unaandikiwa stakabadhi, unauzwa kwa mnada, na mwaka 2024, bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, mkulima alikuwa na sehemu ya kusimama na kuuliza yake ni ngapi. Hakuna mtu Kyela anayesema kiwanda cha chokoleti kimembeba mkulima. Kila mmoja anajua kwamba bila punje kiwanda hakina kazi. Msanii wetu anapopata remiksi ya nje anastahili kutazamwa kwa jicho hilohilo: ana mali, mnunuzi amekuja, na maswali ni ya mzani na stakabadhi. Nchi yenyewe ina sheria, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999, na ina COSOTA, ofisi ya hakimiliki iliyoanzishwa kwa sheria hiyo. Januari 2022, chini ya miezi mitatu baada ya Budapest, COSOTA iligawa mirabaha ya takriban shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Ni mwanzo, na nausifu. Ukigawanya kwa usawa ni chini ya laki tatu kwa kila mmoja. Aliyeshawishika kwamba fedha ya muziki ni zawadi ya wafadhili hawezi kupigania kiasi hicho kiongezeke. Ambwene Yessaya na Hamisi Mwinyijuma, yaani AY na MwanaFA, walipokuta nyimbo zao zimefanywa miito ya simu hawakushukuru kwa kutangazwa; walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru kampuni ya simu iwalipe shilingi bilioni 2.18, kisha kesi ikapanda ngazi za rufaa. Vyovyote mtu anavyoiona kesi ile, iliendeshwa na watu wasioamini kwamba wamebebwa.

Kuna atakayesema mkataba ni siri ya waliosaini na hautuhusu. Kiasi cha fedha ni siri yao, sawa. Majina ya watunzi na watayarishaji si siri. Yamo kwenye maelezo ya wimbo, mtu anabonyeza mara moja anayaona, na mtangazaji mwenye msanii studioni kwa nusu saa anaweza kuuliza bila kumvunjia heshima mtu: nani ameandikishwa kuwa mtunzi, nani anamiliki rekodi yenyewe, prodyuza wa kwanza yumo au ameachwa nje. Rayvanny aliondoka Wasafi Julai 2022 akaendelea na lebo yake ya Next Level Music, kwa hiyo maswali ya nani anabaki na nini katika nyimbo za zamani si ya kinadharia kwake wala kwa chipukizi wa Mbeya wanaomtazama. Badala yake dakika zote zimekuwa za kumuuliza alijisikiaje kusimama karibu na Maluma, hoteli ilikuwaje, atarudi lini Ulaya. Kwenye taarifa za habari za Novemba 2021 Watanzania waliambiwa mara nyingi Maluma ni nani, ana wafuasi wangapi, ametoka Medellín. S2Kizzy, ambaye mdundo wake ndio uliovuka bahari na kubaki, alipaswa kutajwa kwenye kila moja ya taarifa hizo, kwenye sentensi ya kwanza.